Ndoo Kumi na Nne za Mzee Mbwana

Mzee Mbwana hufunga vitabu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapita njia wakiona kibanda chake hapa Miyuji hudhani ni fundi viatu, kwa ile harufu ya gundi na zile ngozi bandia alizozikunja na kuzisimamisha kwenye kona. Kazi yake hasa ni tasnifu. Mwanafunzi akimaliza utafiti wake wa shahada ya pili huja kwanza kwangu nimchapie na kumtolea nakala, halafu huhamia mlango wa pili kwa Mzee Mbwana, azishone zile kurasa, azivishe jalada gumu na kupiga jina kwa herufi za dhahabu. Mimi ni Ruthu, ingawa mtaani hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Mama William. Nimepakana na mzee huyu miaka kumi na sita, tumegombana mara zisizohesabika, na chai ya saa nne bado tunakunywa pamoja.

Ni Mrangi wa Kolo, huko Kondoa. Ufundi alijifunza Dar es Salaam kwenye kiwanda cha uchapaji, akaja Dodoma vyuo vilipoanza kuongezeka. Shule aliishia darasa la saba. Kiingereza chake ni cha majalada tu: anayajua maneno kwa umbo, kama unavyomjua jirani kwa mwendo kabla hujamwona uso. Herufi zake ni za chuma, anazipanga moja moja kwenye kishikio, anazipasha moto kwenye jiko la umeme, anaweka karatasi ya dhahabu, anakandamiza. Na kwa kuwa jalada likishapigwa halifutiki, hujaribu kwanza. Huchukua kipande cha ngozi kilichobaki, chenye upana wa viganja viwili, akapiga jina lote la tasnifu, jina la mwandishi na mwaka. Mwenyewe akishakagua na kuridhika, ndipo anapopiga kwenye jalada.

Vile vipande vya majaribio mtu mwingine angevitupa. Yeye aliviweka kwenye ndoo tupu za rangi, ndoo moja kwa kila mwaka, mwaka umeandikwa kwenye mfuniko. Nilimcheka sana. Nilimwambia anafuga takataka. Akanijibu, "Jina la mtu halitupwi, Mama William."

Idara moja ilidai majalada ya buluu, ndiyo ya uhusiano wa kimataifa. Wengine wote walivaa nyeusi. Basi hao wa buluu alikuwa akiwafuatilia kuliko wengine, kwa sababu walimchakazia herufi. Kuna mwaka alikuja kwangu analalamika kwamba kila mwanafunzi anaandika neno lile lile na linakula E tatu. Nikatazama: wakimbizi, kwa Kiingereza. Baadaye ikaingia miaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, akalalamikia A. Ikaja China, ikaja gesi, ikaja diplomasia ya uchumi. Kabla maprofesa hawajajua elimu yao imegeukia wapi, Mzee Mbwana alikuwa ameshaagiza herufi.

Alikuwa na sharti moja, na sharti hilo ndilo lililonigombanisha naye. Hafungi tasnifu isiyo na saini. Ukurasa wa tatu una mistari ya nukta, msimamizi anasaini hapo kwamba kazi imekubaliwa. Mistari ikiwa mitupu, Mzee Mbwana anakurudishia bahasha yako bila hata kuifungua zaidi. Haikuanza hivyo. Mwanzoni alifunga kazi ya mtu mmoja bila kuangalia, na yule bwana akaenda kuombea cheo kwa jalada lile. Huku kwetu ukimwekea mtu mezani kitabu kigumu chenye jina lako kwa dhahabu, nani atakuuliza kama ulifaulu? Alipewa cheo. Ilipogundulika hakuwahi hata kutetea utafiti wake, Mzee Mbwana aliitwa mbele ya watu akahojiwa kama mwizi. Alirudi kibandani akiwa amekunja uso, na tangu siku ile swali lake la kwanza kwa kila mteja likawa, "Saini iko wapi?"

Mwanaye alikuwa mmoja tu, Asma. Yeye na mkewe, Bi Swaumu, walimpata baada ya kukata tamaa, na mtoto akaja na selimundu. Nilimjua akiwa na miaka kumi na minane, mwembamba, macho ya njano kidogo, mcheshi kuliko sisi wote. Wiki moja hospitali, wiki tatu shuleni, ndivyo alivyosoma hadi akafika chuo. Likizo zake alizimaliza katikati ya vile vipande vya buluu. Alikuwa akimsomea baba yake yaliyoandikwa, na nadhani ndiko alikopata kiu. Alichukua uhusiano wa kimataifa, shahada ya kwanza, kisha ya pili.

Utafiti wake nilichapa mimi, kwa hiyo naujua. Wenzake waliandika habari za marais na mikataba. Asma alikwenda Gulwe, kijiji cha reli kule Mpwapwa, akakaa miezi mitatu. Mvua kubwa zikinyesha kule, mto hula tuta, reli inakatika, na mizigo ya Burundi na Kongo inalala njiani. Asma aliwauliza watu wa pale: treni ikisimama mlangoni kwenu wiki nzima, ninyi mnaonaje? Wakamwambia. Mama ntilie wakamtajia bei za Bujumbura. Mzee mmoja akamweleza kwamba ugomvi wa nchi jirani huujua kwa mabehewa yanayorudi matupu, kabla redio haijatangaza. Asma aliandika kwamba uhusiano wa nchi yetu na majirani haupiti kwenye mahoteli peke yake, unapita Gulwe, na watu wa Gulwe wanauelewa. Nilikuwa nachapa huku nasahau chai.

Alimaliza mwaka 2018. Msimamizi wake alisoma yote, akasema ni nzuri, bado marekebisho madogo, kisha akapata safari ya nje ya nchi kabla hajasaini. Akasema atarudi baada ya mwezi. Ikawa miwili, ikawa mitano. Jina lake nalijua na silisemi, maana nikianza sitanyamaza.

Siku ile ilikuwa asubuhi, mimi nasafisha mashine, mlango wa katikati uko wazi. Asma aliingia kwa baba yake na bahasha ya kaki. Alikuwa ametoka wodini siku mbili nyuma.

"Baba, shikamoo. Nifungie moja tu. Ya kwangu, ya nyumbani. Sitaipeleka popote."

"Marahaba. Saini iko wapi?"

"Bado. Msimamizi hajarudi."

"Basi tumngoje."

Asma akacheka. "Kwa hiyo hata mimi ni mteja kama wengine?"

"Hapa ndani, ndiyo."

"Baba, nataka tu nilione jina langu. Nimeona ya watu wote."

Mzee Mbwana aliendelea kupaka gundi. Akasema nikikufungia wewe bila saini, yule niliyemkataa jana nitamwambia nini? Niliingilia kati, nikamwambia huyu ni mwanao, mfungie, nani atajua? Akanitazama kwa hasira na kuniambia, "Nitajua mimi." Asma akaniwekea mkono begani, akasema, "Mwache, mama, nitasubiri." Akaondoka na bahasha yake.

Alifariki Machi mwaka uliofuata, ana miaka ishirini na saba. Tukampeleka Kolo. Wiki ya tatu baada ya mazishi simu yake, iliyokuwa kwa Bi Swaumu, ikapokea ujumbe wa msimamizi: Nimerudi, lete kazi nisaini. Bi Swaumu alinionyesha ujumbe ule, akaizima simu na kuiweka sandukuni pamoja na ile bahasha. Mzee Mbwana alikwenda chuoni kuuliza. Wakamwambia kwa upole kwamba msimamizi anaweza kusaini, lakini kazi haiwezi kupita bila mwenyewe kuja kuitetea.

Tangu hapo sikumtania tena habari za saini. Yeye aliendelea kuuliza kama kawaida. Mara ya kwanza nilipomsikia akimuuliza mteja, siku chache baada ya matanga, nilifunga mlango wa katikati nikalia.

Sasa, mwaka juzi alikuja Dokta Yudith. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mhadhiri, ana begi la mgongoni kama mwanafunzi. Alikuwa anatengeneza ramani. Si ya barabara wala ya viwanja. Alitaka kujua tangu watu waanze kusomea uhusiano wa kimataifa nchini hapa wamekuwa wakiandika nini, mwaka gani walikimbilia mada ipi, na mada zipi hazijaguswa. Maktaba alizopitia zilikuwa na mapengo: kazi nyingine zimepotea katika kuhamahama, nyingine ziliazimwa hazikurudi. Mtu akamwambia Miyuji kuna mzee ana ndoo.

Alipofunuliwa ile ya kwanza, ya 2010, alikaa chini sakafuni na gauni lake zuri. Akatoa kipande, akasoma, akatoa kingine. "Mzee," akasema, "unajua hapa una nini?"

"Majina ya watu," akajibu Mzee Mbwana.

Alituonyesha ramani kwenye kompyuta. Ilikuwa na miduara ya rangi, mikubwa kwa midogo, imeunganishwa kwa mistari. Nikamuuliza Kondoa iko wapi, akacheka. Akatueleza kwamba kila mduara ni mada. Kazi zikiwa nyingi mduara unanenepa. Mzee Mbwana aliinama karibu kabisa na kioo.

"Na ambaye hayumo humu?"

"Kama hayumo, mzee, anayekuja nyuma hatamwona. Kitaaluma ni kana kwamba hakuandika."

Mzee aliyakoroga maji ya chai yake yaliyokwisha kupoa, na nikajua anamwaza nani. Kwa miaka mitano nilidhani amekubali. Nilikuwa nimekosea sana.

Tulikubaliana nivichape vile vipande vya buluu kwenye orodha, jina la tasnifu, mada, mwaka, mwandishi, na Dokta Yudith akarudi kazini kwake. Nilichukua ndoo moja kila siku. Mzee anashona, mimi nachapa. Siku ya ndoo ya 2018 nilikuta kipande karibu na juu. Dhahabu ya zamani huwa inafifia na kuelekea kahawia. Hii iling'aa kiasi cha kunirudishia mwanga wa taa ya dari. Nikakisoma kwa Kiingereza chake chote, Gulwe, reli, majirani, na chini yake: ASMA MBWANA, 2018. Herufi zilikuwa zimenyooka kuliko kazi yoyote aliyowahi kupiga.

Nikageuka. Mzee Mbwana alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na ulikuwa haupiti. Mtu aliyemwambia mwanaye ngoja, aliyenifokea mimi, aliyewarudisha watu na machozi yao, alikuwa amekaa peke yake wakati fulani ambao sikuuona, amepasha herufi moto, amedanganya. Sikumwonea ubaya hata kidogo. Nilimpenda zaidi. Nikageukia mashine yangu nikachapa: namba mia mbili themanini na saba. Jioni ile aliniletea maandazi, na si kawaida yake.

Dokta Yudith alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amelinganisha orodha yetu na majina ya wahitimu, jina kwa jina, kwa sababu ndivyo kazi yake inavyofanywa. Majina yote yalikuwa yamepata mwenzake isipokuwa moja. Alikitoa kile kipande kwenye ndoo ya 2018, akavuta kigoda akakaa mbele ya mzee, na akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu Asma ni nani?"

"Binti yangu."

"Alitetea?"

"Alifariki."

"Pole sana, baba." Akakigeuza kipande mkononi. Kisha akasema, na ninaamini ilimuuma, "Msimamizi alisaini?"

Swali lake mwenyewe likamrudia kwenye kibanda chake mwenyewe. Aliangalia meza, gundi, mikasi, kila kitu isipokuwa yule mwanamke. "Hapana," akasema.

"Basi siwezi kumhesabu. Nikimwingiza yeye, kuna wengine wengi ambao hawakumaliza, nitawaambia nini?"

Hapo mimi nililipuka. Nilimwambia Dokta Yudith kwamba ni mduara mmoja tu, tena mdogo, utamdhuru nani? Nilimwambia nimeichapa kazi ile kwa vidole hivi na ina akili kuliko nusu ya hizo zilizomo. Naye alinisikiliza tu, macho yamejaa maji. Mzee Mbwana ndiye aliyeninyamazisha.

"Mwache, Mama William. Anafanya vizuri." Akachukua kile kipande kutoka mkononi mwa Dokta Yudith, akakipangusa kwa kiganja kama kuna vumbi, akakitia mfuko wa shati. "Futa," akaniambia. Nikafuta. Namba mia mbili themanini na saba akawa mtu mwingine.

Matokeo yalitangazwa ukumbini, chuoni, mwezi wa sita mwaka jana. Tulialikwa. Mzee alivaa kanzu na koti, akatajwa kwa jina, akapigiwa makofi, akainuka nusu na kukaa. Ramani ilikuwa ukutani, kubwa kama ukuta wenyewe. Mduara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa mnene, wa China nyuma yake, wakimbizi wamesinyaa. Na pembeni, peke yake, kulikuwa na mduara mtupu uliochorwa kwa nukta. Dokta Yudith alifika hapo akasema sentensi kwa Kiingereza, akauita pengo, na wasomi wakaandika kwenye madaftari yao.

Mzee Mbwana akaniinamia. "Amesema nini hapo?"

Ningeweza kumwongopea. Nilifikiria. Lakini mtu huyu ndiye aliyeniambia nifute.

"Amesema hakuna aliyeandika habari za watu wanaoishi kando ya reli, wanavyowaona majirani zetu."

"Hakuna?"

"Hakuna aliyeonekana."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, na mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa koti ukabaki humo hadi mwisho wa mkutano.

Juma lililopita, saa nne, tuko kwenye chai, akaingia mama mmoja ofisa wa Chamwino anayesoma jioni. Jina lake Zipora. Alikuwa na andiko la utafiti, yaani mpango tu wa kile atakachokwenda kuchunguza, na alitaka libanwe kwa waya. Mzee Mbwana akauliza saini, ikawepo. Akaanza kutoboa kurasa, na mimi kwa umbea wangu nikasoma juu. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba habari za watu wa kando ya reli ya kati hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote nchini, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza. Alitaka kwenda Gulwe.

Sikuweza kunyamaza. Nikamsomea mzee kwa Kiswahili. Yeye akamaliza kutoboa, akapitisha waya, akaukunja ncha, akampa Zipora kazi yake. Kisha akamwomba asubiri kidogo, akatoka. Nyumbani kwake si mbali. Alirudi na bahasha ya kaki.

"Chukua, mwanangu. Usianze mwanzo. Watu wengine waliohojiwa humo hawapo tena."

Zipora akazitoa zile kurasa. Hazikuwa zimeshonwa wala kubanwa, zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa viatu. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, akasoma wa pili, akatafuta kiti. Alipofika wa tatu akaona mistari ya nukta.

"Hii ni tasnifu nzima," akasema. "Mbona sijaiona popote? Nani ameandika?"

"Binti yangu."

"Na kwa nini haikufungwa, mzee? Wewe si ndiye mfungaji?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilitaka kumtaja yule msimamizi, safari zake, miezi yake. Mzee Mbwana akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Aliniomba," akasema. "Nilikataa mimi."